Tarehe Ubaoni

Leo nimeandika tarehe ubaoni vidole vinne tu chini ya fremu, na furaha niliyoipata ni kubwa. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nikiiandika usawa wa kidevu changu, na wanafunzi wa madawati ya nyuma walikuwa wakisimama ili waione.

Maumivu ya bega la kulia yalianza usiku. Nikilalia ubavu wa kulia ninaamka, na mchana nikipeleka mkono mgongoni kufunga sidiria, pumzi inanikatika. Jirani akasema ni baridi iliyoingia mwilini. Nikaenda kukandwa, na mkandaji akauvuta mkono kwa nguvu hadi nikalia. Siku 3 baadaye sikuweza hata kuchana nywele. Zahanati nako walinipiga eksirei, wakaniambia mifupa ni mizima, wakanipa vidonge vya maumivu. Mifupa ilikuwa mizima kweli, kwa sababu ugonjwa huu haukai mifupani.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Aliniambia niulegeze mkono kabisa, kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, kisha akajaribu yeye mwenyewe kuuzungusha kwa nje. Haukwenda, ulikwama kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Akanieleza kwamba kano ikichanika, mara nyingi mgonjwa hushindwa kuinua mkono lakini mtu mwingine anaweza kumwinulia. Kwangu tulishindwa sote wawili, na hiyo ndiyo alama ya bega lililoganda.

Kisha akakunja ngumi na kuiweka juu ya kiganja chake cha pili. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, ilhali kikombe chake, kilichoko pembeni mwa kombe la mkono, ni kifupi kama kisahani. Kwa hiyo bega lina uhuru wa kwenda huku na huku kupita kiungo kingine chochote, na kwa sababu hiyo hiyo huteguka upesi. Kinachokishikilia kichwa hicho ni misuli 4 na kano zake, pamoja na mfuko mwembamba unaokizunguka kiungo. Mfuko huo ndio uliovimba, ukawa mnene, ukasinyaa. Nilipokuwa nikijitahidi kufikia juu ya ubao, ni kombe la mkono lililokuwa likipanda kwa niaba ya kiungo, na ndiyo maana hata shingo ilikuwa ikiniuma.

Jina la bega lililoganda lilitolewa mwaka 1934 na Codman, daktari mpasuaji wa Boston. Huwapata zaidi wanawake, watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari. Mimi nina miaka 51 na kisukari nimekaa nacho miaka 9, nikihudhuria kliniki kila mwezi, na sikuwahi kusikia hata mara moja kwamba sukari na bega vinahusiana. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwani ningejua mapema nisingeuacha mkono wangu uvutwe vile.

Kupona huchukua mwaka 1 hadi 3. Kila jioni ninainama, mkono wa kushoto ukiwa juu ya meza, na kuuacha wa kulia uning'inie na kuzunguka taratibu kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Wiki hii duara limepanuka, na jana niliifikia ndoano ya sidiria kwa kidole kimoja.