Nilivyopata cheti cha kuruka cha glaida yangu ya majaribio

Hapa Marekani maombi yangu ya cheti cha glaida, yaani ndege isiyo na injini, yalirudishwa mara mbili, na kilichonikwamisha ni kistari tu. Kibati cha chuma kilichopigiliwa ribiti kwenye bodi kilikuwa nacho katikati ya namba ya utengenezaji. Cheti cha usajili hakikuwa nacho. Nikasahihisha usajili kwanza, ndipo nikajaza upya fomu 8130-6 ya kuombea cheti, herufi kwa herufi kama kibati kinavyosomeka.

Barua ya mpango wa kuruka nayo niliirudia, nikataja mashindano, uwanja wa nyumbani na eneo la mazoezi. Neno EXPERIMENTAL (ya majaribio) nikalibandika kando ya chumba cha rubani, herufi za inchi 2.

Mkaguzi akapitisha kidole kwenye kibati, akisoma namba kwa sauti. Moyo ulinidunda! Safari hii zililingana, akatia saini palepale.