Saa moja na nusu

Jana nimempandisha mama ndege kwa mara ya kwanza, Dar es Salaam kwenda Mwanza. Bado nina furaha isiyoelezeka.

Njia hiyo mama anaijua kwa basi tu. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, ndiyo Mwanza. Zaidi ya kilomita 1,100. Mnaondoka alfajiri, mnafika usiku miguu imevimba. Kwa mtu mwenye matatizo ya magoti kama yeye, ni mateso.

Angani ni mstari ulionyooka kuelekea kaskazini-magharibi, kama kilomita 850. Tulikaa hewani takribani saa moja na nusu. Alikuwa amefungasha chapati na mayai ya kuchemsha ya kula Singida, maskini mama yangu! Ndege ilipoanza kushuka, Ziwa Victoria likatokea dirishani, akanishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu, tumeshafika? Mbona chapati hata hatujazigusa?"

Ila niwaambie ukweli wanaopanga safari: hiyo saa moja na nusu ni ya hewani tu. Sisi tulitoka nyumbani saa tisa usiku, tukakaa uwanjani zaidi ya saa mbili, na kule Mwanza uwanja uko Ilemela, bado kuna gari hadi mjini. Hata hivyo saa nne asubuhi mama alikuwa kwa dada yake, wanakula zile chapati kwa chai.