Siku moja maishani mwangu: Linux kwenye diski za kompyuta nyingine

Saa 2 asubuhi. Karakana iko mjini Mombasa, karibu na Barabara ya Digo. Mezani zipo diski sita za SSD, za GB 240 kila moja, za maabara ya shule moja ng'ambo ya Likoni. Kompyuta zenyewe ziko huko, hapa tuna diski tu, za kuwekewa Linux, mfumo endeshi. Kwa hiyo sharti ni moja: diski isitoke hapa ikiikumbuka mashine iliyoiandaa.

Saa 3. Adapta za USB kwanza, zinazounganisha diski na kompyuta yetu. Tunapima kila moja kwa `blockdev --getss`, amri inayotaja ukubwa wa sekta (kipande kidogo cha diski) kwa baiti. Ikijibu 512, inafaa. Ikijibu 4096, inawekwa kando, maana jedwali la GPT, orodha ya mafungu ya diski, huanzia sekta ya pili: adapta italiandika kwenye baiti ya 4096, nayo kompyuta ya shule ikisoma kupitia SATA, kiunganishi chake cha ndani, italitafuta kwenye baiti ya 512 na kulikosa. Hitilafu hii inachosha kweli, kwa sababu hapa karakanani kila kitu kinaonekana sawa.

Skripti, faili la amri zetu, haitumii `/dev/sdb`, jina la diski linaloweza kuhama adapta ikichomolewa. Inatumia `/dev/disk/by-id`, lenye nambari ya kifaa chenyewe.

Saa 4. `sgdisk` inakata patisheni (mafungu ya diski) tatu: MiB 1 ya GRUB (programu inayowasha Linux) kwa mashine kuukuu za BIOS, MiB 512 za EFI (njia mpya ya kuwasha), zilizobaki ext4, mahali pa mfumo wenyewe. `debootstrap` inashusha Debian 12 (aina ya Linux) kupitia apt-cacher-ng yetu, ghala la vifurushi vilivyokwisha kushushwa, poti 3142, kwa hiyo bando linaliwa na diski ya kwanza tu. UPS iwe imechaji. Stima ikipotea katikati, ni kuanza upya. Fstab, orodha ya patisheni za kufunguliwa wakati wa kuwaka, inaandikwa kwa UUID, kitambulisho cha patisheni yenyewe.

Saa 6. Hapa hatuna haraka. GRUB inawekwa mara mbili, kwa vifurushi `grub-pc-bin` (BIOS) na `grub-efi-amd64-bin` (EFI), kwani `grub-pc` na `grub-efi-amd64` hazikai pamoja. Upande wa EFI lazima `--removable`, ili faili likae `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Bila hivyo, njia ya kuwasha huandikwa kwenye kumbukumbu ya UEFI (programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao) ya kompyuta yetu, na hiyo haivuki feri. Initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kuwaka, iwe `MODULES=most`; `dep` hubeba draiva (programu za kuendesha vifaa) za mashine ya hapa peke yake.

Saa 8 mchana, baada ya swala na chakula, tunafuta alama zetu. `/etc/machine-id`, kitambulisho cha mashine, inamwagwa, faili linabaki tupu. Vitambulisho vikifanana, mashine mbili zenye systemd-networkd (huduma ya mtandao) zinaweza kupewa anwani moja ya mtandao. Funguo za SSH, zinazoitambulisha mashine kwa wanaoingia kwa mbali, zinafutwa, na huduma ndogo itaita `ssh-keygen -A` kuunda mpya siku ya kwanza kuwaka. Faili la proksi ya apt, linaloelekeza kwenye apt-cacher-ng yetu, nalo litoke, la sivyo shule itashindwa kusasisha chochote.

Saa 9. Kila diski inawashwa ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza), kwa BIOS kisha kwa OVMF (UEFI ya kuigiza), daima na `-snapshot`, ili kisiandikwe kitu kwenye diski. Ukiisahau, machine-id inazaliwa hapa hapa na usafishaji wa saa 8 urudiwe.

Saa 10. Kibandiko cha nambari, mfuko wa kuzuia umeme tuli, na karatasi moja kwa mwalimu wa maabara: BIOS iwekwe AHCI (hali ya kusoma diski), Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwaka) izimwe.