Kutoka Columbus hadi Denver, Nikifuata Njia ya Wapiganaji wa Zamani

Tawi nambari 1 la Veterans of Foreign Wars, chama cha Wamarekani waliopigana vita ng'ambo, liko Denver katika jimbo la Colorado, lakini nilipopanga safari yangu niliamua kupitia kwanza Columbus, Ohio. Huko ndiko, tarehe 29 Septemba 1899, watu 13 waliotoka katika vita vya Marekani na Uhispania walipokutana kuunda umoja wa kusaidiana, kwenye duka la fundi cherehani katika barabara ya East Main, wakiitwa na mwenzao James C. Putnam, askari wa zamani wa Kikosi cha 17 cha Miguu. Katika vita hivyo maradhi yaliua Wamarekani wengi kuliko risasi, na waliosalia walirudi makwao na malaria, homa ya matumbo na majeraha, wakakuta hakuna matibabu wala pensheni iliyoandaliwa kwa ajili yao. Nilisimama kwa muda katika barabara hiyo yenye magari mengi, na sikuona ajabu kwamba walikutania dukani kwa fundi: hawakuwa na fedha, na walichokuwa nacho ni kila mtu na mwenzake.

Kutoka Columbus nilipanda basi hadi Chicago, kisha treni iitwayo California Zephyr, inayoondoka alasiri, ikavuka mto Mississippi penye mji wa Burlington na kupita Nebraska usiku. Kulipopambazuka tulikuwa katika nyanda kavu za mashariki ya Colorado, na milima ya Rocky ilianza kujitokeza mbele yetu.

Denver ina hadithi yake katika historia hii. Kikosi cha Kwanza cha Colorado, kilichoundwa na watu wa kujitolea, kilishiriki katika kutekwa kwa Manila, mji wa Ufilipino uliokuwa chini ya Uhispania, tarehe 13 Agosti 1898, kikabaki Ufilipino hadi vita vipya vilipozuka dhidi ya Wafilipino wenyewe, waliokuwa wakidai uhuru wao. Jambo hilo halifai kurukwa na mtu anayesimulia habari za wanajeshi hawa, kwa sababu ushujaa wao na haki ya wale waliopigana dhidi yao ni mambo mawili yanayopaswa kutajwa pamoja. Kapteni John S. Stewart aliuawa huko mwaka 1899, na tawi la Denver linaitwa kwa jina lake hadi leo. Waliorudi waliunda umoja wao Desemba mwaka huohuo, wakiongozwa na Jenerali Irving Hale, ambaye katika maisha ya kiraia alikuwa mhandisi wa umeme. Umoja wa Hale na ule uliochipuka Ohio viliungana mjini Denver mwaka 1913, na mwaka uliofuata jina la Veterans of Foreign Wars likaanza kutumika.

Nilifika kwenye tawi, katika barabara ya Santa Fe Drive, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo majumba ya sanaa ya eneo hilo hufunguliwa hadi usiku. Kwa Wamarekani wengi tawi la wapiganaji wa zamani ni ukumbi wenye baa, ambamo wazee hukutana kwa kinywaji. Denver wameamua vinginevyo: kuta zimetundikwa picha zilizochorwa na wapiganaji wa zamani, na ukumbi hutumika pia kwa mazoezi ya yoga na kutuliza akili. Naona uamuzi huo ni wa busara sana, kwa kuwa kijana aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan akiwa na usingizi uliovurugika na mazoea ya pombe anahitaji mlango wa aina nyingine.

Hata hivyo, kwangu mimi moyo wa kazi ya chama hiki uko katika msaada wa madai ya mafao ya ulemavu. Mpiganaji wa zamani huja na DD-214, hati ya kuachishwa utumishi inayoonyesha tarehe, nishani na namna alivyoondoka jeshini. Ofisa wa huduma huipitia naye mstari kwa mstari, kisha humsaidia kuandaa madai kwa Idara ya Maveterani, idara ya serikali inayowahudumia wapiganaji wa zamani, bila kumtoza chochote. Kwa kawaida mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: ulemavu alio nao sasa, tukio lililompata jeshini, na uhusiano kati ya hayo mawili. Hilo la tatu ndilo lililowashinda wengi waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, mpaka sheria ya PACT, ambayo chama hiki kiliipigania, ilipotiwa saini Agosti 2022 na kuyahesabu magonjwa kadhaa kuwa yametokana na utumishi.

Njia nyingine ya kusaidiana ni ua jekundu la karatasi liitwalo Buddy Poppy, ambalo chama kilianza kuligawa nchini kote mwaka 1922. Petali zake ni nyepesi, zimezungushiwa waya mwembamba wenye kibandiko kidogo. Tangu 1924 maua hayo hutengenezwa na wapiganaji wa zamani wenye ulemavu au wenye shida, ambao hulipwa kwa kazi hiyo. Anayepokea ua hutoa anachoweza, na michango hiyo huingia katika mfuko wa tawi wa kuwasaidia wapiganaji wa zamani wenye dhiki pamoja na familia zao.