Nilivyokifuatilia kitenzi "wit" hadi nikakielewa

Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka mwaka 1611, ina sentensi ambazo mtu aliyesoma Kiingereza hadi chuo kikuu huzitamka bila kukwama, na bado asijue zimesema nini. Kutoka 32:1 ni mojawapo. Musa amekawia mlimani, watu wanamzunguka Haruni wakitaka awafanyizie miungu, kwa sababu huyo Musa, wanasema, "we wot not what is become of him". Vijana ninaosoma nao Biblia hiyo jioni baada ya kazi walinigeukia mimi, maana nafundisha Kiingereza sekondari. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hii 'wot' si ndiyo 'what', imeandikwa kama tunavyoandikiana kwenye simu?" Ni swali zuri, ila ukiisoma hivyo sentensi inabaki bila kitenzi na haisimami. Nikamwomba anipe muda.

Kamusi ndogo niliyo nayo nyumbani haikuwa na neno hilo. Kamusi kubwa ya maktaba ilikuwa nalo, lakini ilinirudisha kwenye neno jingine kabisa: "wit". Hilo nililijua kama jina, lenye maana ya akili au wepesi wa kutoa maneno ya kuchekesha. Zamani lilikuwa pia kitenzi, na maana yake ilikuwa "kujua". Kitenzi jina ni "to wit". Wakati uliopo ni "I wot", "he wot", "ye wot". Wakati uliopita ni "wist" kwa nafsi zote, isipokuwa baada ya "thou", yaani "wewe" ya zamani, inayodai kiambishi chake. Kwa mtu anayetarajia mnyambuliko wa kawaida, maumbo hayo matatu hayafanani hata kidogo, ndiyo maana msomaji hukutana nayo katika kurasa mbalimbali asijue kuwa ni kitenzi kimoja.

Kilichonisumbua zaidi ni "he wot". Kwa nini haina "s" mwishoni? Dada yangu aliyesoma Kijerumani ndiye aliyenisogeza mbele. Aliniambia kwa Wajerumani ni "ich weiß, er weiß", mimi najua, yeye anajua, umbo lilelile bila kuongezwa kitu, na wakati uliopita ni "wusste". Ni kitenzi kilekile, kilichobaki hai Ujerumani na kikafa Uingereza. Kutoka hapo nikasoma historia yake. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066, kilikuwa "witan". "Wat" kwa wakati uliopo na "wiste" kwa uliopita. Na hiyo "wat", inayotumika kama wakati uliopo, kwa umbo ni hali timilifu, yaani ya tendo lililokwisha, ya mzizi wa kale sana uliomaanisha kuona. Mzizi huohuo uko katika "video" ya Kilatini, yaani naona, na katika "oida" ya Kigiriki, ambayo nayo ina umbo la hali timilifu na maana ya "najua".

Vitabu vya Kiingereza hulieleza jambo hili kwa kurasa nyingi, kana kwamba ni maajabu. Kwa Mswahili si ajabu. Ukimkuta mtoto kitandani ametulia, unamwambia mwenzako "amelala". Kwa umbo ni tendo lililokamilika. Kwa maana ni hali iliyopo sasa hivi. Nimeshiba, nimechoka, amesimama, umependeza: zote hizo ni hali za sasa zilizotokana na tendo lililokwisha. Basi "I wot" imejengwa hivyohivyo. Nimeona, kwa hiyo najua. Nilipowaeleza vijana kwa njia ya "-me-" hawakuhitaji maelezo mengine. Na "s" inakosekana kwa sababu ileile inayofanya tusiseme "he cans" wala "he mays"; "can", "may" na "shall" ni ndugu wa "wot", nazo zilianza kama maumbo ya wakati uliopita. Baadaye Waingereza wenyewe walisahau asili hiyo wakaanza kuongeza viambishi. Ndiyo sababu katika Mwanzo 39:8 Yusufu anamwambia mke wa Potifa kwamba bwana wake "wotteth not", hajui kilichomo nyumbani.

Hatua iliyonifaa kuliko zote ilikuwa kukusanya mifano. Maandishi ya King James yanapatikana bure kwenye intaneti, nami niliyatafuta kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Anayetaka kufanya hivyo aiambie programu itafute neno zima, la sivyo "wit" itamletea kila "with" iliyomo. Kila mstari nilioupata niliunakili kwenye daftari, na pembeni nikaandika mstari huohuo kutoka Biblia yetu ya Kiswahili.

Daftari lilipojaa, niliona jambo ambalo sikulitafuta. Kila "wist" katika King James imekanushwa, karibu zote kwa "not". Kila moja! Wana wa Israeli waliiona mana wakaulizana ni nini, "for they wist not what it was". Musa alishuka mlimani na ngozi ya uso wake inang'aa, naye "wist not". Samsoni aliamka akidhani atajikung'uta kama siku nyingine, "and he wist not that the LORD was departed from him". Petro alisema la kusema pale mlimani kwa kuwa hakujua aseme nini. Petro huyohuyo alimfuata malaika kutoka gerezani bila kujua kuwa ni kweli. Paulo mbele ya baraza alisema hakujua kuwa aliyemkemea ni kuhani mkuu. Hata Yesu wa miaka 12, alipowajibu wazazi wake hekaluni, aliuliza kwa kukanusha: "wist ye not that I must be about my Father's business?" Kwetu ni "Hamkujua ya kuwa imenipasa kuwamo katika nyumba ya Baba yangu?"

"Wot" nayo hupenda kukanushwa, ingawa Balaki anamwambia Balaamu "I wot" bila kukanusha, na Petro vilevile katika Matendo 3:17. Kwa kujua kwa kawaida, watafsiri wale walikuwa na "know" na "knew", na walizitumia kwa wingi. Kitenzi cha kale kimebakia karibu chote upande wa kutojua. Sidai kuwa waliketi wakapanga hivyo. Lakini msikilize Samsoni. Ukiweka "knew not" pale, habari ni ileile. Ukiweka "wist not", sentensi inakatika ghafla kwa silabi mbili fupi, na upotevu wake unasikika. Kwangu mimi huo ni mmoja wa mistari mikubwa ya Kiingereza chote, na Kiswahili chetu, "lakini hakujua ya kuwa BWANA amemwacha", kinaufikia kwa njia yake, kwa kuliacha neno zito liwe la mwisho.

Umbo la "to wit" lina mtego wake. Katika hati za kisheria hadi leo maana yake ni "yaani", na Paulo katika Warumi 8:23 anasomeka hivyo. Lakini dada yake Musa alisimama mbali "to wit what would be done to him", na pale ni kujua hasa: apate kujua litakalompata mtoto. Waraka wa pili kwa Wakorintho una matumizi yote mawili kwa karibu. 5:19 ni "yaani", na 8:1 ni "we do you to wit", ambapo "do" ni kusababisha. Sisi tuna kauli ya kutendesha inayofanya kazi hiyo ndani ya neno moja: twawajulisha.

Kwa Shakespeare kitenzi hiki ni chepesi zaidi, cha mazungumzo. Kleopatra akimwaza Antonio anauliza, mbele ya mjakazi wake, "Wot'st thou whom thou mov'st?", wamjua unayembeba? akimsemesha farasi aliye mbali. Hamlet anamtania Polonius kwa wimbo wa mtaani wenye "God wot", Mungu ajua. Hapo kuna neno moja la kuangalia sana. Katika "The Merchant of Venice", tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa jina "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, kisanduku cha fedha kina karatasi inayosema kuna wapumbavu walio hai, "iwis". Matoleo mengine huitenganisha, "I wis", na msomaji huapa kuwa ni "mimi najua". Siyo. Ni kielezi kimoja chenye maana ya "hakika", sawa na "gewiss" ya Kijerumani. Kutenganishwa huko kuliwadanganya hata washairi wa baadaye, wakazua kitenzi ambacho hakijawahi kuwako.

Vijana waliniuliza kama wanaweza kukitumia wanapoandika. Niliwaambia hapana, na nina sababu. T. E. Brown, mshairi wa karne ya 19, aliandika "A garden is a lovesome thing, God wot!" na mstari huo ukachekwa hadi Kiingereza kikapata neno "godwottery", la kuwasuta wanaopamba maandishi kwa ukale. Kilichobaki hai wakitumie: "unwitting", asiyejua, na "witness", shahidi, ambaye kwa asili ya neno ni mwenye kujua.

Anayetaka kukizoea aanze na Yoshua 2:4-5. Askari wa mfalme wamefika mlangoni kwa Rahabu wakiwadai wapelelezi. Anawaambia, "I wist not whence they were", sikujua walikotoka. Kisha, kwa pumzi hiyohiyo, "whither the men went I wot not", walikokwenda sijui. Nyakati mbili za kitenzi kimoja, kinywani mwa mtu mmoja, zote zimekanushwa, na anajua fika kuwa watu hao amewaficha darini chini ya mabua ya kitani.