Waranti ya nyumba ya kupangisha: nimesoma mkataba mpaka mwisho, nimeamua hivi

Kuna kampuni inataka niilipe kila mwaka ili wawe wanatengeneza vitu vikiharibika kwenye nyumba yangu niliyopangisha. Karatasi ya mkataba wao ina kurasa nne na nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa kwenye basi narudi Manyoni, ya pili kazini usiku wodi ilipotulia, na ya tatu nikiwa na daftari langu la matumizi ya nyumba pembeni na kalamu mkononi. Hiyo ya tatu ndo iliyonipa jibu. Naandika kwasababu najua tupo wengi tuliojenga Dodoma alafu kazi zikatupeleka kwingine, nyumba imebaki na mpangaji, na simu yake ikiita tu moyo unaruka kabla hata hujapokea.

Nyumba yangu ipo Ipagala, vyumba vitatu kimoja masta, nimeanza kupangisha 2021, sasa hivi inakwenda laki tatu na nusu kwa mwezi na mpangaji analipa miezi sita sita. Ni kijana mtumishi, ofisi yao ipo kule Mtumba, ana mke na mtoto mchanga, watu wastaarabu kwelikweli. Mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku, "Shikamoo mama, samahani kwa usiku huu, pampu inaunguruma ila maji hayapandi." Mimi nipo zamu, kilomita zaidi ya mia, nikampigia fundi wangu hapokei, nikampigia mwingine akasema kesho mchana, na kule kuna mama wa mtoto mchanga hana maji bombani. Kumbe ilikua kapasita tu, kile kifaa kidogo cha kusaidia mota ianze kuzunguka, elfu 25 pamoja na ufundi, lakini usiku ule sikuweza kukaa sawa kabisa, niliona nimechukua hela ya watu ya miezi sita alafu nimewaacha.

Sasa katika kuulizia, dalali mmoja akanikutanisha na kijana wa kampuni inayofanya matengenezo ya majumba. Ofa yao: 480,000 kwa mwaka, na kila fundi wao akiitwa unaongeza 20,000, wao watashughulika na bomba, umeme, hita na pampu, usiku na mchana, mpangaji anawapigia wao moja kwa moja. Yeye mwenyewe anaiita waranti ya nyumba. Nilimuuliza kama hii ni bima maana bima najua kampuni lazima iwe na leseni ya TIRA, wale wasimamizi wa bima, akasema hapana mama, hii ni huduma. Nashukuru alinijibu ukweli.

Hili neno nilikua nalisikia kwa dada yangu anayeishi Texas, yeye na shemeji wana nyumba wanapangisha huko. Marekani ni kitu cha kawaida, unalipa dola mia kadhaa kwa mwaka, kikichoka kitu cha ndani kama AC, hita ya maji, nyaya, mabomba, friji, unapiga simu kampuni inatuma fundi wake, na kila akija unalipa ada ya kumwita. Bima ni kitu kingine, bima inalipa janga, moto, dhoruba, bomba kupasuka ghafla, ila waranti inahusu kitu kilichochakaa chenyewe kwa kutumika. Dada anasema Februari 2021 ile baridi kali ilipoipiga Texas mabomba yakaganda yakapasuka, kwao iliyolipa ni bima. Hita yao ilivyokuja kuchoka baadae mwaka huohuo, waranti ndo ikawawekea mpya, akafurahi sana. Mwaka uliofuata AC ikagoma, kampuni ikataka risiti zote za sevisi kuonyesha ilikua inatunzwa, hawakua nazo zote, wakanyimwa, na joto la kule na mpangaji ndani. Nilipomtumia picha za mkataba wangu akanirudishia voisi: "Mdogo wangu, wewe usisome wanachosema watatengeneza, nenda kwenye yale wasiyotengeneza, mkataba upo hapo."

Nikaenda hapo. Ukurasa wa tatu. Kasoro iliyokuwepo kabla ya mkataba hawahusiki nayo. Siku 30 za mwanzo huwezi kuita. Kitu kimoja mwisho 150,000, inayozidi ni ya kwako. Paa, milango, vitasa, karo (shimo la maji machafu), havimo. Alafu kuna mstari mmoja upo katikati ya mingine wala haujakolezwa: hawahusiki na uharibifu unaotokana na ubora wa maji.

Jamani. Dodoma. Ubora wa maji.

Wenyeji mnajua ninachosema. Maji yetu kwa sehemu kubwa yanatoka chini, visima vya Mzakwe huko, na wengine tunajazia na boza la kisima cha mtu, yana chumvi mpaka birika jipya baada ya wiki mbili lina ukoko mweupe chini. 2024 hita ya nyumba ile ilivyokataa kuchemsha kwa mara ya pili nilikuwepo mwenyewe. Fundi wangu ni mzee wa kigogo, mtaratibu, tukishasalimiana mbukwenyi hana maneno mengi, akazima umeme, akamwaga maji yote, akafungua nati, akaivuta elementi, ile chuma inayochemsha maji, taratibu ikawa haitoki, kuja kutoka ina gamba nene kama mti wa muhogo uliopakwa chokaa, ile chuma yenyewe huioni kabisa. Akaigonga na spana kwenye sakafu, vipande vikadondoka kama ganda la yai, ndani chuma imepasuka. Akaniambia, "Mwanangu, hii haijafa kwa uzee, imenyongwa." Akaingiza mkono chini ya tenki la hita akatoa chengachenga viganja viwili vimejaa, akanipa nishike.

Ndo nikafungua daftari. Mimi kila senti inayoingia kwenye nyumba ile naandika, tabia niliyoipata kwa marehemu mama. 2022: elementi na thermostati ya hita 65,000, koki ya jikoni na boya la simtenki 38,000, kunyonya karo 120,000. 2023: mota ya pampu iliungua 210,000 (ilikua inazunguka bila maji siku za mgao, baada ya hapo tukafunga float swichi inajizima yenyewe), na kitasa cha mlango mkubwa 45,000. 2024: upepo wa Agosti uling'oa bati nne za nyuma, mbao, kofia na ufundi 430,000, na hiyo hita tena 70,000. Jumla miaka mitatu ni 978,000.

Mkataba kwa miaka mitatu hiyohiyo ungekua 1,440,000. Na je katika zile 978,000 wao wangelipa zipi? Karo haimo. Kitasa hakimo. Bati halimo. Hita mara mbili, koki na boya, yote yameuliwa na chumvi, kwahiyo ule mstari unawatoa. Inabaki mota ya pampu, nayo wangelipa 150,000 nyingine naongezea mimi, toa na 20,000 ya kumwita fundi. Yaani ningetoa milioni moja na laki nne na ushee nipate laki na elfu thelathini. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Na laki nne na themanini sio hela ndogo kwa nyumba ya laki tatu na nusu. Mwaka mzima inaingiza 4,200,000, hapo kuna asilimia 10 ya TRA ya zuio kwenye kodi ya pango, kuna kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ambayo mpangaji ndo ananunua umeme kwahiyo namrudishia yake (mwenye nyumba mwenzangu kama humrudishii tafadhali mrudishie, ile ni kodi yako), kuna rangi kila mpangaji akihama. Ukiongeza mkataba unaozidi kodi ya mwezi mmoja unabaki unafanyia kazi nyumba.

Ila sitaki kusema kampuni ile ni wabaya, maana kitu wanachouza kipo na mimi ndo kilichonipeleka kwao. Wanauza mtu wa kupokea simu saa nne usiku. Kama una nyumba nne tano, au upo nje ya nchi huna ndugu Dodoma, au nyumba ni mpya ina vitu vingi vya umeme na pampu za ndani ya kisima, mahesabu yako yanaweza kutoka tofauti kabisa na yangu. Uliza tu kuhusu maji, na uandikiwe jibu.

Mimi nilichofanya ni hiki. Nimefungua akaunti nyingine benki haina kadi, nimeanza na laki tano, na kila mwezi inaingia 35,000 ya matengenezo, hiyo ni 420,000 kwa mwaka wakati wastani wangu kwa mwaka ni 326,000. Mwaka mbaya kama 2024 akiba ya nyuma ingeubeba. Hela isipotumika inabaki yangu, ya mkataba ikifika Desemba imeisha.

Ile simu ya usiku nimeitafutia dawa yake. Mzee wa hita amekubali nimlipe 15,000 kila mwezi awe na kazi au asiwe na kazi, hizo natoa kwenye kodi sio kwenye akiba, na amenipa namba ya kijana wake wa kazi ambaye anashika simu usiku, zote mbili anazo mpangaji. Wakishafika kama kazi haizidi 50,000 wafanye kwanza mimi nitatuma hela, ikizidi ndo wanipigie. Na kila miezi sita anafungua hita anaiosha kabla haijanyongwa, elementi anailoweka kwenye siki gamba linaachia lenyewe bila kugongwa.

Na la tatu, bati lile la Agosti limenifundisha, nimeenda kuulizia bima ya moto na majanga, hii bima kabisa yenye karatasi, ikiwa na upepo na dhoruba ndani yake. Elfu 70 ya hita naiweza kutoka mfukoni, nyumba kuungua siiwezi, na sijui kwanini miaka yote hii nilikua nahangaika na koki wakati paa lipo wazi.

Pembeni kidogo kwa mnaojenga sasa hivi huko Nala na Iyumbu: waranti yako ya kweli ni ile hela ya mwisho ya fundi. Wakandarasi wakubwa wana kipindi cha matazamio kwenye mikataba yao, yaani sehemu ya hela inashikiliwa kwanza kasoro zionekane, na wewe muwekee fundi wako, shikilia asilimia kadhaa mpaka mvua za kwanza zipite. Huku mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza kuelekea Desemba, sasa paa ukilipokea Juni ukamlipa yote unajuaje kama linavuja? Mfanyakazi mwenzangu alimaliza kumlipa wa kwake mwezi wa saba, mwezi wa kumi na mbili dari ya gipsam ya sebuleni ikashuka na namba ya fundi haipatikani.

Yule kijana wa kampuni nilimpigia mwenyewe nikamwambia asante, sitachukua, nikamweleza na sababu ya ule mstari wa maji. Akanyamaza kidogo akasema mama, wewe ni wa kwanza kuniuliza huo mstari. Nikamwambia awapelekee wakubwa zake, wakiuondoa na wakaweka uoshaji wa hita mara mbili kwa mwaka, hata kwa bei ileile, anitafute tuongee upya.

Jumamosi nashuka Dodoma, mzee anaosha hita.