Ile namba nne kwenye mlinganyo wa Sabatier

Nafundisha kemia, na kuna mlinganyo mmoja nisiochoka kuuandika ubaoni: molekuli moja ya hewa ukaa, nne za haidrojeni, unapata moja ya methani, gesi inayochomwa kama mafuta, na mbili za maji. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye aliyeonyesha kwamba nikeli ikipata moto inaiamsha hewa ukaa, gesi ambayo kwa kawaida ni mvivu kweli wa kuungana na wenzake.

Mwaka 2013 Audi, watengeneza magari, walifungua kiwanda cha kutengeneza methani kwa njia hii huko Werlte, Ujerumani. Hewa ukaa inatoka kwenye mtambo wa biogesi wa jirani. Haidrojeni inapatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa upepo. Methani yake ni ileile inayoendesha bajaji za gesi hapa Dar.

Wanafunzi huniuliza, mbona hatujengi? Nawarudisha kwenye ile nne. Haidrojeni ndiyo inayokula umeme, na nishati nyingi inapotea njiani kama joto. Tena ukiichoma methani, hewa ukaa inarudi angani. Kwa hiyo umeme ukiwa wa makaa ya mawe, mimi siungi mkono hata kidogo. Ule wa upepo uliozidi, usio na mnunuzi, huo sawa.